Kutoka Kadeti Hata Mkuu wa Majeshi: Safari ya Jenerali Francis Ogolla

Jioni ya Alhamisi, tarehe 18 Aprili, 2024, Rais William Ruto alitangaza kutoka Ikulu ya Nairobi ya kuwa Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi ya Kenya, Jenerali Francis Omondi Ogolla, amefariki dunia katika ajali ya helikopta. Habari ile iliwafikia watu wa kila namna kwa wakati mmoja. Mabawabu waliokuwa wakishika zamu ya usiku katika malango ya Spring Valley waliisikia sawasawa na wafugaji wa Pokot na wakulima wa Siaya.

Wengi walimjua kwa jina na kwa picha tu. Wakaaji wa Spring Valley, Westlands na Hurlingham wamezoea kuona helikopta zikipita juu ya miti yao, na makao makuu ya Wizara ya Ulinzi yako upande huo huo wa magharibi ya jiji, katika barabara ya Lenana. Lakini kuona helikopta ikipita si kujua kazi ya watu waliomo. Basi yafaa kuuliza: mtu huanzaje, na hupita njia gani, hata akakabidhiwa ndege na askari wa nchi nzima? Je, ni bahati, ni ukoo, au ni urafiki na wakubwa? Somo la juma hili lajaribu kulijibu swali hilo kwa kuyafuata maisha ya mtu mmoja, hatua kwa hatua.

JESHI LILILOPOTEZA JINA LAKE

Francis Ogolla alizaliwa tarehe 22 Februari, 1962, upande wa Ng'iya katika Siaya. Wakati ule Kenya ilikuwa haijapata uhuru, na uwanja wa ndege wa Eastleigh, mashariki ya Nairobi, ulikuwa mikononi mwa jeshi la hewani la Waingereza. Jeshi la Wanahewa la Kenya lilianzishwa tarehe 1 Juni, 1964, mtoto huyo alipokuwa na miaka miwili. Wakuu wake wa kwanza walikuwa Waingereza. Mwafrika wa kwanza kuliongoza alikuwa Dedan Gichuru, aliyeshika kazi hiyo mwaka 1973.

Jeshi hilo lilikuwa changa lakini lilikua upesi. Lilipata vituo viwili vikubwa, Eastleigh na Nanyuki, na lilipata ndege za vita ziendazo kasi. Vijana wengi waliosoma walilitamani, kwa maana kazi yake yataka hesabu, elimu ya mitambo na akili nyepesi.

Ndipo lilipokuja jambo ambalo wazee wa Nairobi hawajalisahau. Alfajiri ya Jumapili, tarehe 1 Agosti, 1982, askari kadhaa wa Jeshi la Wanahewa walijaribu kuipindua serikali. Waliiteka nyumba ya redio ya Sauti ya Kenya, iliyo karibu na Chuo Kikuu katikati ya jiji, wakatangaza ya kuwa wametwaa nchi. Maduka yalivunjwa, risasi zikalia mitaani, na watu zaidi ya mia moja walikufa. Siku ile ile askari wa nchi kavu, wakiongozwa na Mahmoud Mohamed, waliirudisha nyumba ya redio, na uasi ukazimwa.

Mashtaka yaliyofuata hayakuwahusu waasi peke yao. Aliyekuwa Mkuu wa Wanahewa, Meja Jenerali Peter Kariuki, hakuongoza uasi. Lakini alishtakiwa mbele ya mahakama ya kijeshi kwa kutouzuia, akafungwa miaka minne. Miaka mingi baadaye mahakama za Nairobi ziliona ya kuwa haki zake zilivunjwa, zikaamuru alipwe fidia. Jambo hilo lafaa kukumbukwa na kila atamaniye ukubwa: mkubwa huulizwa hata kwa yale ambayo hakuyatenda.

Na jeshi lenyewe lilivunjwa. Likaundwa upya chini ya uangalizi wa Jeshi la Nchi Kavu, na Mahmoud Mohamed akawekwa kuwa mkuu wake. Hata jina likaondolewa. Likaitwa kwa mwaka wa aibu yake, yaani Jeshi la Wanahewa la '82. Kwa muda wa miaka kumi na zaidi kila mwanahewa alilichukua jina hilo kama mtu achukuaye deni la ndugu yake. Halikurudishiwa jina lake na uhuru wake mpaka mwaka 1994.

Tarehe 24 Aprili, 1984, Francis Ogolla alijiunga na majeshi. Alikuwa na umri wa miaka 22. Kijana aliyechagua kwenda kwa wanahewa wakati ule alikuwa kama mtu ahamiaye nyumba iliyoungua jana: kuta zingali zanuka moshi, na majirani wanamtazama kila aingiaye. Hakuwa na hatia yo yote katika mambo ya mwaka 1982, lakini alijua ya kuwa atapimwa kwayo. Haya ndiyo mwanzo wa safari yake, na ndiyo yanayoifanya istahili kusomwa.

SHULE ISIYOKWISHA

Watu wengi hudhani ya kuwa rubani wa vita ni mtu shujaa tu, asiyeogopa kitu. Ushujaa wahitajiwa, lakini si wa kwanza. La kwanza ni kukubali kufundishwa.

Kijana apendaye kuwa afisa huanza kuwa kadeti. Hujifunza kwata, kutii amri, kusoma ramani, kutumia silaha na kuwaongoza wenzake wakiwa wamechoka na wana njaa. Ogolla alipita mafunzo hayo kwa muda wa mwaka mmoja na siku chache, na tarehe 6 Mei, 1985, akapewa cheo cha Luteni-usu, ambacho ndicho cha chini kabisa katika vyeo vya maafisa. Akapelekwa kwa wanahewa.

Baadaye alifunzwa urubani wa ndege za vita pamoja na jeshi la hewani la Marekani. Ili msomaji apate kufahamu ugumu wa kazi hiyo, na afikiri juu ya ndege ya aina ya F-5, ambayo wanahewa wa Kenya wameitumia tangu miaka ya 1970. Ndege hiyo yaweza kwenda kasi kuliko sauti. Kutoka Nairobi hata Mombasa, kwa njia ya hewani, ni kama kilomita 440. Gari moshi la siku hizi huenda safari hiyo kwa saa tano hivi. F-5 ikienda kwa mwendo wake mkubwa ingeimaliza kwa muda kama wa robo saa tu. Mtu aliye ndani yake hana nafasi ya kusema, "Ngoja nifikiri kwanza." Yampasa awe amekwisha kufikiri akiwa chini, darasani, mara mia, ili mkono wake ujue la kufanya kabla ya hofu kufika. Kwa hiyo saa moja ya kuruka hutanguliwa na saa nyingi za kusoma: hali ya hewa, nguvu za injini, uzito, mafuta na njia ya kurudi.

Lakini Ogolla hakuishia katika urubani. Alijifunza kazi nyingine tatu, na kila moja yafaa kuelezwa kidogo.

Ya kwanza ni kusoma picha zilizopigwa kutoka angani. Picha ya namna hiyo yaonyesha nchi kama ionekanavyo na tai. Kwa mtu asiyejifunza ni mabaka tu. Aliyejifunza hutazama kivuli cha nyumba akajua urefu wake; hutazama majani yaliyolala akajua ya kuwa gari limepita; hulinganisha picha ya jana na ya leo akaona kilichoongezwa na kilichoondolewa. Ni kazi ya macho na subira.

Ya pili ni kupambana na magaidi. Wakaaji wa Spring Valley hawahitaji kuelezwa maana ya neno hilo. Tarehe 21 Septemba, 1983, ingekuwa vigumu kwao kuwaza jambo kama hilo. Miaka thelathini baadaye, tarehe 21 Septemba, 2013, watu wenye silaha waliingia katika jengo la maduka la Westgate, mwendo mfupi tu kutoka kwao, wakaua watu 67. Vita vya namna hiyo havina mstari wa mbele. Adui huja akiwa amevaa kama mnunuzi, na askari hana budi kumtenga na watu wema walio kando yake. Kosa dogo huua wasio na hatia.

Ya tatu ni kuchunguza ajali za ndege. Ndege ikianguka, wachunguzi huenda wakaokota kila kipande, hata kilicho kidogo kama ukucha. Hutazama jinsi chuma kilivyovunjika, kwa kuwa chuma kilichokatika kwa kuchoka hakifanani na kilichokatika kwa kugonga. Husoma vitabu vya mafundi ili wajue ndege ilitengenezwa lini na nani. Huwauliza watu walioiona. Na sheria yao kubwa ni hii: hawaanzi kwa kuuliza, "Ni kosa la nani?" Huanza kwa kuuliza, "Ni nini kilichotokea?" Maana mtu akitafuta wa kumlaumu, wote humficha ukweli, akitafuta sababu, hupata la kuwaokoa wengine kesho.

Hata alipokuwa mtu mzima mwenye cheo, aliendelea kuketi darasani. Alisoma katika chuo cha kijeshi cha Paris, Ufaransa, na katika Chuo cha Taifa cha Ulinzi, kilichoko Karen, magharibi ya Nairobi. Alipata stashahada ya Chuo Kikuu cha Egerton. Tena alisoma katika Chuo Kikuu cha Nairobi, akapata shahada ya kwanza katika mambo ya siasa, vita na amani, na shahada ya pili katika mambo ya uhusiano wa mataifa. Hapo tena twaona jambo la kufikirisha. Chuo Kikuu hicho na ile nyumba ya redio iliyotekwa mwaka 1982 ni majirani. Mahali wanahewa wa zamani walipokwenda na bunduki, mwanahewa wa baadaye alikwenda na daftari.

NGAZI YA VYEO

Katika majeshi ya Kenya, maafisa wa wanahewa hutumia majina yale yale ya vyeo yatumiwayo na Jeshi la Nchi Kavu. Afisa huanza kuwa Luteni-usu, kisha Luteni, kisha Kapteni, kisha Meja. Hapo huwa amekwisha kujua kuongoza kikosi. Akiendelea huwa Luteni Kanali, kisha Kanali, kisha Brigedia. Juu ya hapo kuna majenerali wa daraja tatu: Meja Jenerali, Luteni Jenerali, na Jenerali kamili. Vyote ni vyeo kumi.

Ngazi hiyo ni kama mlima Kenya: chini ni mpana, na juu ni mwembamba. Maluteni ni wengi. Mameja ni wachache kuliko maluteni. Meja Jenerali mmoja huongoza Jeshi zima la Wanahewa. Na Jenerali kamili katika utumishi ni mmoja tu, naye ni Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi. Mtu hawezi kuruka kipandio. Kila cheo kina masomo yake, kazi yake, na watu wa kumpima.

Kutoka Luteni-usu mwaka 1985 hata kuwa Meja Jenerali na Mkuu wa Wanahewa, Ogolla alitumia miaka 33. Alikabidhiwa uongozi wa Jeshi la Wanahewa tarehe 15 Julai, 2018. Mtoto aliyezaliwa siku alipopata nyota yake ya kwanza alikuwa mtu mzima mwenye watoto wakati alipoupata uongozi huo. Yeye aonaye sherehe ya siku moja na asisahau miaka iliyoitangulia.

KAZI YA MKUU WA WANAHEWA

Wengine hudhani ya kuwa Mkuu wa Wanahewa ndiye rubani hodari kupita wote, arukaye mbele ya wenzake. Sivyo. Akifika cheo hicho, kazi yake kubwa huwa chini.

Kwa kila ndege moja iliyo angani kuna watu wengi walio ardhini. Yuko fundi wa injini, fundi wa umeme, mtia mafuta, mtunza vipuri, msomaji wa hali ya hewa, mwongoza ndege, mzima moto na daktari. Fundi asipotia sahihi yake, ndege haiondoki, hata kama atakayepanda ni mkubwa namna gani. Hiyo ndiyo heshima ya pekee ya kazi hii: kijana mwenye spana aweza kumwambia jenerali, "La, Bwana, ndege hii haijawa tayari," na jenerali mwenye akili atamshukuru.

Tena kazi ya ndege za jeshi si vita tu. Hulinda anga la nchi, husafirisha askari na vyombo vyao, huwachukua majeruhi kuwapeleka hospitali, na mafuriko yajapo hupeleka chakula na kuwaokoa watu waliozingirwa na maji. Mkuu wao yampasa agawe saa chache za ndege chache kwa haja nyingi. Akizitumia zote leo, kesho hana kitu. Akizihifadhi zote, watu huangamia naye anazo. Ni hesabu ngumu, na mjibu wake ni yeye.

Ogolla aliifanya kazi hiyo miaka mitatu. Katika miaka ya 2018 na 2019 alikuwa pia mwenyekiti wa chama cha majeshi ya hewani ya Afrika. Kisha akawa Luteni Jenerali na Makamu wa Mkuu wa Majeshi.

CHEO KILICHOKUJA WAKATI MGUMU

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yasema wazi ya kuwa vyombo vya usalama wa taifa visifanye kazi kwa upendeleo, wala visiendeleze faida ya chama cho chote cha siasa. Ni sheria nzuri, lakini huja siku za majaribu.

Siku kama hiyo ilikuja Agosti, 2022, kura za urais zilipokuwa zikijumlishwa katika ukumbi wa Bomas, Nairobi. Katika kesi iliyofuata mbele ya Mahakama ya Juu, jina la Makamu wa Mkuu wa Majeshi lilitajwa miongoni mwa maafisa wa serikali waliofika Bomas kuzungumza na wakuu wa Tume ya Uchaguzi. Mwenyekiti wa Tume alidai ya kuwa maafisa hao walitaka matokeo yageuzwe. Mahakama ilithibitisha ushindi wa William Ruto. Watu wengi walidhani ya kuwa sasa njia ya Ogolla imefika mwisho, kwa kuwa aliyeshinda ndiye ambaye ingesemekana alitakiwa asishinde.

Lakini tarehe 28 Aprili, 2023, Rais Ruto huyo huyo alimpandisha kuwa Jenerali na kumfanya Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi, mahali pa Jenerali Robert Kibochi aliyestaafu. Baadaye Rais alieleza hadharani ya kuwa alishauriwa asimchague, lakini alipoitazama kazi yake ya miaka yote aliona ya kuwa ndiye aliyestahili. Wako waliomsifu Rais kwa hilo, na wako waliozidi kuuliza juu ya Bomas. Msomaji atapima mwenyewe. Ambalo halina shaka ni hili: kama Ogolla asingekuwa na kumbukumbu ndefu ya kazi iliyoandikwa mwaka kwa mwaka, hapangekuwa na kitu cha kutazama.

Na kwa Jeshi la Wanahewa uteuzi ule ulikuwa na maana nyingine. Mwanahewa wa kwanza kuwa mkuu wa majeshi yote alikuwa Jenerali Julius Karangi, mwaka 2011. Baada yake alikuja Samson Mwathethe wa Jeshi la Wanamaji, kisha Kibochi wa Nchi Kavu, na sasa mwanahewa wa pili. Jeshi ambalo mwaka 1982 halikuaminiwa hata jina lake, limewatoa watu wawili wa kuaminiwa majeshi yote. Hapana hotuba iliyoleta badiliko hilo, wala hapana siku moja iliyolileta. Lililetwa na maelfu ya siku za kazi za watu ambao wengi wao hatuyajui majina yao.

SIKU YA CHEPTULEL

Katika mwezi wa Aprili, 2024, majeshi yalikuwa yakisaidia polisi katika Bonde la Ufa upande wa kaskazini, ambako wezi wa mifugo wenye bunduki walikuwa wameua watu na kufukuza wanafunzi shuleni. Askari walikuwa huko kulinda raia, na pia kuzitengeneza shule zilizoharibiwa ili watoto wapate kurudi. Tarehe 18 Aprili Jenerali Ogolla alikwenda kuwatazama askari wake na kuona kazi ya shule hizo. Angeweza kungoja ripoti mezani kwake Nairobi. Alikwenda mwenyewe.

Alasiri, helikopta ya aina ya Huey iliondoka katika shule ya wavulana ya Cheptulel, Pokot Magharibi, ikiwa na watu 12. Muda mfupi baada ya kuondoka ilianguka upande wa Kaben katika Elgeyo Marakwet, ikawaka moto. Watu kumi walifariki, Jenerali akiwa mmoja wao. Wawili waliokolewa wakiwa hai. Waliokufa pamoja naye walikuwa maafisa na askari wa vyeo mbalimbali. Mauti hayakutazama mabega yao.

Kama ilivyo desturi, maneno mengi yalienea, na wengi waliuliza kwanza, "Ni nani?" Wachunguzi waliuliza, "Ni nini?" Mwaka 2025 Wizara ya Ulinzi ilitoa matokeo ya uchunguzi: chanzo kilikuwa hitilafu ya injini. Helikopta ya Huey ya namna ile ina injini moja. Injini ikikosa nguvu juu sana, rubani aweza kuyaacha mapanga yazungushwe na upepo wa kushuka, akatua. Lakini kwa kufanya hivyo hana budi kuwa na urefu wa kutosha na mahali palipo wazi. Muda mfupi baada ya kuondoka, katika nchi ya milima, vyote viwili ni haba.

Mtu aliyejifunza kuchunguza ajali za ndege akawa yeye mwenyewe ndani ya ajali iliyochunguzwa na wengine. Kwa hesabu ya siku, zilibaki siku sita atimize miaka 40 tangu ajiunge na majeshi, na siku kumi atimize mwaka mmoja wa ukuu wake.

Jumamosi, tarehe 20 Aprili, ibada ya kumkumbuka ilifanywa katika uwanja wa michezo wa Ulinzi, Lang'ata. Kesho yake, Jumapili, alizikwa nyumbani kwake Ng'iya. Jeshi lilimpa heshima zote za mkuu. Lakini yeye alikuwa ameacha wasia wake: asikawilizwe, azikwe katika muda wa saa 72, wala asitiwe katika sanduku. Wosia huo ulitimizwa. Katika nchi ambako jamaa nyingi huuza ng'ombe na kukopa fedha ili kumzika mtu kwa fahari, na maiti hukaa majuma mawili yakingoja michango, mwenye cheo cha juu kuliko askari wote alizikwa bila sanduku la mbao. Wengi walilizungumza jambo hilo kuliko vyeo vyake vyote.

LA KUJIFUNZA

Tarehe 2 Mei, 2024, ngazi ile ile ilisogea tena. Charles Kahariri wa Jeshi la Wanamaji aliteuliwa kuwa Mkuu wa Majeshi. Siku hiyo pia Meja Jenerali Fatuma Gaiti Ahmed aliteuliwa kuwa Mkuu wa Jeshi la Wanahewa, mwanamke wa kwanza kuliongoza jeshi lo lote kati ya majeshi matatu ya Kenya. Naye hakushuka kutoka mbinguni. Aliingia jeshini mwaka 1983, katika kikosi cha wanawake kilichokuwa kando wakati ule; akawa Brigedia mwanamke wa kwanza mwaka 2015, na Meja Jenerali mwanamke wa kwanza mwaka 2018. Tangu kuingia hata kuukabidhiwa uongozi, ni miaka 41.

Basi lile swali la mwanzo laweza kujibiwa. Bahati ipo, kwa kuwa wengi waliostahili hawakufika. Urafiki na wakubwa waweza kusaidia au kudhuru, kama tulivyoona. Lakini kitu kisichokosekana ni miaka ya kujifunza na kupimwa, ambayo hapana awezaye kumkopesha mwenzake. Cheo ni dhamana. Hupewa mtu kidogo kidogo, na aliyeharibu kidogo hapewi kingi.

Na laweza kusemwa la watu wote pamoja vile vile kama la mtu mmoja. Chama cha ushirika kilichoibiwa na mweka hazina wake, shule iliyofanya udanganyifu katika mitihani, ofisi iliyotajwa kwa rushwa: vyote hivyo hupoteza jina kwa siku moja. Wale wanaoingia baadaye hawana hatia, lakini ni wao walipao deni. Hawatalilipa kwa kulalamika ya kuwa hawakuwapo. Watalilipa kwa vitabu vya hesabu vilivyo sahihi, kwa kufika kazini kwa wakati, na kwa kukubali kuulizwa. Imani iliyovunjwa alfajiri moja ya mwezi wa Agosti ilitaka miaka kumi na miwili kurudishiwa jina tu, na miaka karibu thelathini kabla mwanahewa hajakabidhiwa majeshi yote.

Kwa hiyo asikiapo mtu mlio wa helikopta ikipita juu ya miti ya Spring Valley, au juu ya shamba lake la mahindi huko Alego, na akumbuke ya kuwa ndani yake yumo mtu aliyeanza chini, na kwamba chini ardhini yuko fundi kijana aliyetia sahihi yake asubuhi ya leo. Wote wawili wamekabidhiwa maisha ya wengine, kila mmoja kwa kiasi chake.